Jina la Mami Nililolitoa kwa Mzaha

Mdogo wangu Njeri,

Natumaini kurasa hizi zitakukuta umelala kwa ubavu wa kushoto kama daktari alivyokuagiza, si umesimama jikoni unakaanga vitunguu huku mkono mmoja umeshika kiuno. Presha imeshuka? Miguu imepungua kuvimba, au bado unavaa slipas za mume wako? Na goti la Mami linasemaje? Mwambie nimeuliza. Mimi ni mzima, isipokuwa pua, ambayo sijaisikia tangu nishuke kwenye ndege. Kila nikiingia ndani ya nyumba naigusa kuhakikisha nimerudi nayo.

Usishangae kuona mwandiko wangu. Nimeandika kwa kalamu, halafu nitazipiga picha kurasa nikutumie kwa simu. Ningekupigia, lakini unanijua. Nikikupigia nitaanza mzaha, wewe utacheka, Mami atadai simu aulize kama nimekula, tutakata, na lile nililotaka kusema litabaki limekaa kwenye kiti likinitazama. Na ndiyo, ni Kiswahili, kwa sababu Gikuyu changu cha kuandika umekicheka tangu tukiwa wasichana, na Kiingereza changu ni cha ofisini, hakijui kumwomba dada msamaha.

Maana kuna jambo. Linahusu jina la Mami, lile ambalo huyo mtoto aliye tumboni mwako amewekewa. Kama Mami yuko karibu, geuza simu. Usimsomee bado.

Nianze na kosa unalolijua. Najua umenikasirikia. Baba Kamau wangu aliniambia kwa simu kwamba alipita hapo Makongeni Jumapili kuwaletea maziwa, ukamwonyesha ile picha niliyoweka kwenye status, mimi nimekaa juu ya kisahani cha plastiki nateremka kilima cha theluji, mdomo wazi, miguu juu. Nikamuuliza, "Njeri alisema nini?"

"Alisema 'haya.'"

"Haya tu?"

"Haya tu."

Njeri, tumelala chumba kimoja mpaka nikaolewa. Heri ungenitukana. Neno "haya" likitoka kinywani mwako peke yake, bila kicheko nyuma yake, mtu mwenye akili huanza kutafuta viatu vyake.

Na una haki. Desemba hii Mami alikuwa aje kwangu Membley ili wewe upumzike. Badala yake nimekuachia Mami, goti lake, na ule mjadala wake wa kila siku kuhusu chumvi kwenye chakula, nikapanda ndege kwenda kuona barafu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Safari ilipangwa kabla daktari hajakwambia ulale. Hiyo ndiyo hoja ninayojitetea nayo kila asubuhi nikipiga mswaki, na haijawahi kufika mwisho wa mswaki ikiwa bado na nguvu.

Acha nikueleze basi nilichokuja kufanya, ndipo uone nilivyofika kwenye hilo la jina.

Aino unamkumbuka. Yule mwalimu kutoka huku Finland aliyekuja shuleni kwetu Ruiru mwaka jana, akakaa kwangu, nawe ukampeleka kuona maporomoko ya Chania, akateleza kwenye jiwe akapasua suruali mbele ya watalii. Shule zetu mbili zimefanya urafiki wa kutembeleana, walimu wakajifunze maisha ya wenzao, na zamu hii ilikuwa yangu. Sikujipendekeza sana. Kidogo tu. Miaka yote hii nafundisha insha, na kila mwaka watoto wananiandikia "meno yake yalikuwa meupe kama theluji", nami naweka vema pembeni, mimi na wao hakuna aliyewahi kuiona. Sasa nimeiona. Si nyeupe. Saa nane mchana, jua likianza kuondoka (jua lenyewe huwa halijafika, hutuma salamu tu), theluji inakuwa ya buluu, buluu ya sare ya shule iliyofuliwa mno. Nikirudi itabidi niwatafute wanafunzi wangu wote wa zamani.

Mume wa Aino anaitwa Mikko. Ni seremala, na haongei. Siku ya kwanza nilidhani nimemkosea. Siku ya pili nikadhani ni mgonjwa. Siku iliyofuata niliamka nikakuta ameniwekea soksi za sufu juu ya hita, zimepata joto, bila neno, nikaelewa kwamba hiyo ilikuwa hotuba ya kunikaribisha. Kahawa wanakunywa asubuhi, mchana, na jioni, na pakiti imeandikwa kwamba inatoka Kenya. Nilipoinusa nikamwona Mami anarudi kutoka shambani na kikapu kiunoni. Sisi tuliokulia katikati ya mashamba ya kahawa tulinyweshwa chai ya rangi. Imebidi nipande ndege kuja kuionja.

Aino nilimkuta mjamzito, kama unavyojua. Si unakumbuka siku niliyokuwa nafunga mizigo, Mami akaleta ile njahi, maharagwe meusi ya kumletea mzazi maziwa, aliyokuwa ameichagulia mawe kwa ajili yako, akamimina nusu kwenye mfuko? "Mpelekee yule mwenye tumbo. Mwanamke hatembelewi kwa mikono mitupu." Wewe ukauliza, "Na yangu?" Mami akasema, "Yako itaongezwa." Tulicheka sote. Sasa kicheko kile nikikikumbuka nakunja uso.

Nyuma ya nyumba yao kuna kibanda cha mbao. Wanakiita sauna. Ndani kuna jiko lenye mawe juu yake, unamwaga maji kwenye mawe, mvuke unapanda, unakaa kwenye ubao unatoka jasho. Na unaingia kama ulivyozaliwa. Mimi, mweka hazina wa kina mama kanisani! Nilijifunga taulo kutoka kwapani hadi magotini, nikakaa kwenye kona kama kiazi kwenye gunia. Upande huu Aino na tumbo lake, upande ule mama yake Mikko, mzee anayeitwa Helka, wote hawana hata uzi, wanaongea habari za bei ya samaki. Njeri, nilimwona mama mkwe wa mtu mzima mzima. Nikaangalia dari. Dari ni fupi. Baada ya muda taulo likawa zito kwa maji likaanguka lenyewe, na hakuna aliyegeuka kutazama. Hapo ndipo nilipoanza kujisikia nyumbani, na mtu akijisikia nyumbani mdomo unalegea.

Helka alisema zamani wanawake wa huku walijifungulia humo saunani, kwa kuwa ndimo mlikuwa na maji ya moto na usafi. Yeye mwenyewe alizaliwa kwenye ubao kama ule. Kisha Aino akasema, taratibu, kwamba anaogopa. Mama yake alifariki yeye Aino akiwa bado mwanafunzi wa chuo, na ni mimba yake ya kwanza. "Sina wa kumuuliza," akasema.

Nilitaka kumpa kitu. Nikampa hadithi yako.

Ile yako, Njeri, unayosimulia kwenye kila harusi, mimi nikiachiwa tu kusema "kweli kabisa" mwishoni. Nikamwambia jinsi Mami alivyoshikwa na uchungu katikati ya mibuni, msimu wa kuchuma, mvua inanyesha, kikapu kimejaa. Gari la kumpeleka zahanati halikuwepo. Wenzake wakamwingiza kwenye stoo, wakatandika magunia, nami nikaachwa mlangoni kulinda kikapu. Na Mami, jasho linamtoka, akawaambia wale kina mama, "Kwanza mpimeni kahawa yangu, isije ikaandikiwa mtu mwingine." Ikapimwa. Ndipo ukazaliwa. Aino alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akalia kidogo. Kisha akauliza, "Mama yako anaitwa nani?"

"Nyambura."

Akalijaribu mdomoni. Akasema, "Akiwa msichana, nitamwita Nyambura."

Nami nikampiga kofi la paja, paf, nikacheka, nikasema, "Mwite!"

Wewe unajua maneno hayo. Ni mara ngapi tumeyasikia? Mtu akikushika mkono kliniki, akikupisha kwenye foleni, akikubebea mtungi: "Wee, huyu wa sasa nitamwita wewe!" Na wewe unajibu, "Mwite!" mnacheka, mnaachana. Jirani yangu Mama Shiko alimwahidi nesi hivyo hivyo. Alimwita nesi? Wapi! Alimwita mama mkwe wake, kama kila mtu. Kwetu majina yana foleni, mama mkwe kwanza, mama mzazi baadaye, na foleni inalindwa na wakwe. Ahadi ile haina hatari yoyote, ni kama kumwambia mgeni "si ulale?" akiwa ameshavaa koti.

Huku hakuna foleni.

Mtoto alikuja wiki ile ile, hospitalini, salama salimini, msichana mwenye kichwa kama yai na sauti ya muuza mitumba. Nikawa ndiye mama wa nyumba. Nikapika uji. Nikapika njahi ya Mami, nikaiponda na ndizi nilizozipata dukani, nikamlisha Aino mpaka akaniomba nimhurumie, na maziwa yakaja kama Mami alivyosema. Mikko alimaliza kilichobaki kwenye sufuria, akanawa sufuria, akatikisa kichwa mara moja. Hotuba nyingine. Nilifurahi, Njeri. Sitakuficha. Kuna siku nzima ilipita bila mimi kukukumbuka wewe uliyelala hapo, na usiku wake nilipolikumbuka hilo nilikosa raha.

Kisha Helka akaja na gauni la ubatizo. Ni la ukoo, jeupe, refu kupita mtoto, na kwenye pindo lake yameshonwa kwa uzi majina ya watoto wote waliobatizwa nalo, tangu enzi za mababu. Majina marefu yenye herufi mbili mbili. Aino akalikunjua juu ya magoti yangu, akanionyesha la mwisho, uzi bado unang'aa.

Nyambura.

"Tumefanya kama ulivyosema," akaninong'oneza.

Njeri, niliketi, na nilikuwa tayari nimeketi.

"Nani ameshona?" nikauliza.

"Mama mkwe."

Helka akatabasamu. Mama mkwe mwenyewe, ambaye kwetu angekuwa ameshaita wazee wa pande zote mbili, ndiye aliyepiga miwani akamshonea mjukuu wake wa kwanza jina la mchuma kahawa wa Thika. Akauliza kama herufi ziko sawa. Ziko sawa. Nikasema, "Imependeza sana." Ndilo neno lililotoka.

Aino akanieleza kwamba kwao jina la mtoto halitamkwi mpaka siku ya ubatizo. Mpaka siku hiyo ni siri ya nyumba, na mtoto wanamwita Tyttö, yaani Msichana, basi. Ubatizo wamepanga uwe Jumapili ya kwanza ya Januari, kabla sijaondoka, kwa sababu mama wa ubatizo ni mimi.

Sasa unaelewa kwa nini nilikwambia ugeuze simu.

Sihitaji kukukumbusha hesabu ya nyumba yetu, lakini nimeipiga hapa kitandani mara nyingi. Wasichana wawili, hakuna kaka. Ingekuwa kaka yupo, binti yake wa kwanza angekuwa Nyambura na mambo yangekuwa yameisha zamani. Mimi nikamzaa Kamau, jina la baba ya mume wangu, nikamzaa Wairimu, mama ya mume wangu, nikamzaa Mwangi, baba yetu, nikafunga duka. Unakumbuka Mami alivyokuja kumwona Mwangi? Akambeba, akambusu, akasema, "Baba yenu mmemleta. Mimi mmeniacha njiani." Alisema akicheka. Wewe ukamzaa Wanja, mama ya mume wako, kama ilivyo sheria. Kisha yule tuliyempoteza, ambaye hatukupata hata kujua alikuwa nani. Na sasa huyu, ukiwa na miaka ambayo wenzako wanaitwa shosho na wajukuu. Siku daktari aliposema ni msichana, Mami alitoka nje akaosha sufuria iliyokuwa safi.

Na wewe ulikuja kwangu, ukaegemea friji langu, ukaniambia, "Wangui, ni mimi nitakayemleta Mami." Wewe, ambaye daktari amekukataza hata kuinama. Umelala hapo wiki baada ya wiki umemshikilia huyo mtoto kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Nami, kwenye jasho, nikicheka, nimempa mtu mwingine jina hilo akutangulie.

Najua utakachosema. Utasema jina halimaliziki, wajukuu hata kumi wanaweza kuitwa Nyambura. Kweli. Lakini wa kwanza ni mmoja. Wa kwanza ndiye Mami atakayemwendea na uji na shuka mpya, ndiye atakayeambiwa na kina mama wa kanisani "hongera, umezaliwa". Na Aino anataka siku ya ubatizo tumpigie Mami kwa video amwone wa jina lake. Umwone Mami kwenye kioo cha simu, anamtazama mtoto mweupe kama unga anaitwa Nyambura, wewe umelala chumba cha pili, wako hajazaliwa.

Nilijaribu kumwambia Aino. Mara ya kwanza mtoto akalia. Mara ya pili nikalia mimi, akadhani nimekumbuka nyumbani, akanipa keki. Mara ya tatu nilianza, "Aino, kwetu majina...", akasema "Ndiyo?" kwa macho yale, nikamalizia "...ni mazuri."

Mimi, mwalimu mkuu msaidizi. Nimesimama mbele ya wazazi mia nikawaambia watoto wao wameanguka hisabati.

*

Niliandika mpaka hapo jana, Njeri, na nilikuwa nimepanga kumaliza kwa swali. Nilikuwa nataka kukuuliza: nimwambie abadilishe, au ninyamaze? Unijibu ndiyo au la. Kisha nikasoma kurasa zote tangu mwanzo nikajiona. Nimekuachia Mami, sasa naja kukuachia na hili, wewe uliyelala kwa ubavu mmoja. Nikiwa darasani, mtoto akivunja dirisha halafu aende kumuuliza mwenye nyumba afanye nini, ningemwambia achukue ufagio kwanza.

Basi leo mchana nimechukua ufagio.

Aino alikuwa amekaa karibu na dirisha ananyonyesha, Mikko anarekebisha mguu wa kiti. Nikavuta stuli nikakaa chini kumpita, kama anayekuja kuomba. Nikamwambia yote. Foleni ya majina. Wewe, tumbo lako, yule tuliyempoteza. Sufuria aliyoosha Mami. Na kwamba siku ile saunani nilicheka.

Aino akawa mwekundu polepole, kuanzia shingoni.

"Ulisema mwite."

"Nilisema."

"Kwa nini hukukataa?"

"Kwetu nilikuwa nimekataa. Kwetu ukicheka vile kila mtu anajua mtoto ataitwa jina lingine."

"Mimi nilifikiri umefurahi."

"Nilifurahi pia," nikasema, na ni kweli, na ukweli huo haukunisaidia kitu.

Kisha akanipa mtoto mikononi, akaenda chumbani, akarudi na gauni. Akalitandika mezani, akapitisha kidole kwenye pindo. Akasema, hanitazami, "Uzi hufumuliwa. Helka atafumua." Aliyasema kwa upole, na ningependelea anifokee. Njeri, mwanamke yule hana mama. Nilikuwa nimempa wa kwangu, na sasa nimesimama mbele yake namnyang'anya.

Hapo Mikko akaweka nyundo chini. Akasema, na hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akiyasema kwa mkupuo: "Mtoto bado hajaitwa. Tunaweza kungoja. Yule wa dada yako aitwe kwanza. Kisha wetu."

Aino akamtazama mume wake. Akanitazama mimi. "Kwenu akishaitwa wa kwanza, wa pili ni vibaya?"

"Wa pili si vibaya. Wa pili ni furaha."

"Basi tutasogeza ubatizo." Akafikiri. "Lakini wewe utakuwa umeondoka. Shule zenu zinafunguliwa."

"Najua."

"Nani atambeba kanisani?"

Nilikuwa nimeshanunua hata kilemba. Wamesema dada yake Mikko atambeba kwa niaba yangu, na jina langu litasomwa. Nimeshukuru. Nikaenda kwenye kibanda cha kuni nikakaa huko kidogo na kuni.

Kwa hiyo ubatizo umesogezwa, video ya Mami imesogezwa, na gauni limerudishwa sandukuni. Lakini sikiliza vizuri. Hilo wamelitoa wao, si mimi, na wewe hufungwi nalo. Nimemwambia Aino kwamba huenda ukasema jina hili lisitoke nje ya nyumba yetu kabisa, na kwamba ukisema hivyo nitamletea jibu hilo mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila kucheka. Ameitikia. Usiangalie aibu yangu wala wema wao. Angalia moyo wako. Ulichobeba ni chako.

Ukiniuliza ninachotamani, nitakwambia, halafu usahau. Natamani Mami awe na wawili. Lakini mimi ndiye niliyewahi kusema bila kufikiri, kwa hiyo kura yangu imekatwa nusu.

Mami nitamwambia mimi, ana kwa ana, nikifika. Usimfiche kwa ajili yangu akikuuliza, lakini usimtangulie. Nikitua nakuja moja kwa moja Makongeni, namchukua, na anakaa Membley mpaka ujifungue na zaidi. Nimeshamwambia Baba Kamau atoe vile vyuma vyake kwenye chumba cha wageni. Amesema "sawa", ile "sawa" ya mwanamume anayetumaini utasahau. Sitasahau. Wairimu atashinda na shosho yake nikiwa shuleni, na wewe utalala hata ubavu wa kulia ukitaka.

Nisalimie shemeji, baba Wanja, umwambie nimemletea kisu cha kuchinjia cha huku na asikijaribie kidole. Nisalimie Wanja, msichana wa watu, apunguze simu akushikie ndoo. Mwambie Mama Shiko, jirani yangu, akipita hapo, kwamba ahadi yake kwa yule nesi nimeilipa mimi. Hataelewa, mwache tu. Kina mama wa kanisani waambie nimeona baridi inayokausha sabuni mkononi, na nguo zao za sufu nawaletea. Mami mpe salamu bila kurasa. Mwambie njahi yake imefanya kazi.

Na wewe, Njeri, ukinikasirikia endelea, lakini nitumie maneno mawili matatu, nisibaki na ile "haya". Hata tusi. Hasa tusi.

Siku yako ikifika, usinipigie mimi kwanza. Mchukue mtoto, Mami akiwa hapo kitandani pako, umwite jina lake kwa sauti, asikie. Mpeni muda wake Mami, aoshe sufuria zake. Halafu ndipo uniambie neno moja, lolote utakaloamua, nami nitalituma huku. Maana hapa dirishani pana kitoto kimelala, nje kumeshaingia giza na ni saa tisa tu ya mchana, na mtu akiuliza kinaitwaje wenyewe wanajibu "Msichana", wanatabasamu, hawaongezi. Kinamngoja wako.

Dada yako mwenye mdomo mwepesi,

Wangui